Kwa nini mtoto anayesoma maulidi mbele ya mamia hunyamaza darasani

Nenda kwenye maulidi ya Mfunguo Sita, Unguja au Tanga, utamwona mtoto wa miaka kumi na mitatu amesimama mbele ya umati, kanzu imenyooka, anasoma kwa sauti isiyotikisika. Nenda kanisani Jumapili, utamkuta mwenzake anaanzisha pambio na usharika mzima unamfuata. Kwenye mahafali ya darasa la saba watoto hao hao hutamba na ngonjera huku mgeni rasmi akipiga makofi. Baada ya miezi michache wako kidato cha kwanza. Mwalimu wa baiolojia anauliza swali, na darasa zima linainamia madaftari. Akimwita mmoja kwa jina, anasimama, anashika ukingo wa dawati, midomo inacheza lakini sauti haitoki.

Nyumbani watasema ana aibu. Kwenye ripoti mwalimu ataandika kwamba hajiamini. Maelezo hayo hayatoshi. Mtoto aliyesimama mbele ya mamia ya watu mwezi wa tisa hakuupoteza ujasiri wake likizoni. Kilichobadilika ni kazi anayotakiwa kuifanya akiwa amesimama, lugha ya kuifanyia, na kitakachompata akikosea. Hofu ya kuzungumza darasani imesokotwa kwa nyuzi hizo tatu, na anayemwambia mwanafunzi "jiamini tu" hajafungua hata mmoja.

Watazamaji hunyanyua, watazamaji huangusha

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc, mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Marekani, alijaribu kusuluhisha ugomvi wa siku nyingi. Tafiti za kabla yake zilipingana: baadhi zilionyesha kwamba mtu hufanya vizuri zaidi akitazamwa, nyingine kwamba huharibu. Zajonc alisema pande zote mbili zimeona kweli. Kuwepo kwa watu huuamsha mwili, na mwili ulioamka hutoa kwanza kile ulichokizoea. Ikiwa jambo limerudiwa mpaka halihitaji kufikiriwa tena, macho ya watu hulifanya litoke vizuri kuliko hata faraghani. Ikiwa ni jipya au gumu, kinachowahi kutoka huwa ni kosa. Mwaka 1969 yeye na wenzake wakalijaribu wazo hilo kwa mende. Waliopewa njia iliyonyooka walikimbia haraka zaidi mende wengine walipokuwa wakiwatazama. Waliopewa njia yenye kona walichelewa zaidi kwa sababu ya watazamaji hao hao. Mende hawana heshima ya kulinda mbele ya wenzao, kwa hiyo sehemu ya jambo hili imo mwilini kabla aibu haijaingia.

Sasa mrudie mtoto wa maulidi. Kifungu chake alikisoma kwenye chuo cha Kurani jioni baada ya jioni, mwalimu akimrudisha kwenye kila herufi, mpaka ulimi ukakijua wenyewe. Alikisoma kwanza mbele ya mwalimu, kisha mbele ya wenzake mkekani, kisha nyumbani mbele ya wajomba na shangazi, na umati ulikuja mwisho. Kila hatua ilikuwa kubwa kidogo kuliko iliyotangulia. Darasani anatakiwa kutunga jibu papo hapo, jambo ambalo hajawahi kulitamka kwa kinywa chake hata mara moja, na watazamaji wako hapo tangu mwanzo. Kwa maelezo ya Zajonc, ingekuwa ajabu kama asingebabaika.

Ninalisisitiza hili kwa sababu linaondoa lawama mahali pasipostahili. Watoto wetu wanajua kusimama mbele za watu. Chuo cha Kurani, kwaya na ngonjera vimewafundisha, na kwa njia sahihi kabisa. Shule ya sekondari huwataka wasimame na kusema, lakini haiwapi zile hatua za katikati.

Moyo, mate na pumzi

Kinachompata mwanafunzi aliyeitwa jina kilielezwa vizuri zaidi ya miaka mia moja iliyopita na Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye kitabu chake cha mwaka 1915 kilieleza jinsi mwili unavyojiweka tayari kupigana au kukimbia. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio. Damu husukumwa kwenye misuli ya mapaja na mikono, na kwa kuwa misuli hiyo imeandaliwa kwa kazi ambayo haifanyiki, inatetemeka. Usagaji wa chakula husitishwa, ndiyo maana mate hukauka na tumbo huhisi tupu. Pumzi hupanda juu ya kifua na kuwa fupi, na kwa kuwa sauti hutengenezwa kwa pumzi, sauti nayo huwa nyembamba au hukatika katikati ya neno. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonyesha kwamba mtu hajui somo.

Linaloumiza zaidi ni akili kuwa tupu. Tunapozungumza, akili hushikilia mambo machache kwa wakati mmoja: nilichosema, ninachosema, ninachokwenda kusema. Nafasi hiyo ni ndogo. Wasiwasi ukiingia na maswali yake, wananionaje, nimekosea nini, nani anacheka kule nyuma, hukalia nafasi ile ile ambayo jibu lingetumia. Jibu halijafutika. Mwanafunzi akikaa chini hulikumbuka lote ndani ya dakika moja, akaumia mara ya pili.

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha jaribio ambalo hadi leo hutumiwa duniani kote pale wanasayansi wanapotaka kumtia mtu wasiwasi makusudi. Wanampa muda mfupi wa kujiandaa, kisha anasimama mbele ya jopo la watu wasiotabasamu na kuzungumza dakika tano kana kwamba anaomba kazi. Baada ya hapo anapewa hesabu ya ghafla: kuanzia 1022 aondoe 13, aondoe tena 13, kwa sauti, na akikosea anaambiwa aanze upya. Homoni ya kotisoli, ambayo hupanda mtu akiwa katika shinikizo, hupanda mara mbili hadi nne. Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walikusanya matokeo ya tafiti 208 za maabara ili kujua ni shinikizo la aina gani hasa linaloipandisha homoni hiyo. Ugumu wa kazi peke yake haukutosha. Kilichoipandisha zaidi ni mambo mawili yakikutana: mtu kupimwa na wengine, na kutokuwa na uwezo wa kubadili matokeo kwa juhudi yake mwenyewe.

Soma tena maelezo ya jaribio lile. Kuitwa ghafla, kusimama, nyuso zisizotabasamu, kusahihishwa papo hapo, kuanza upya. Wajerumani walilazimika kuyapanga hayo yote maabara. Sisi tunayo tayari kwenye vipindi vya kila siku.

Lugha na fimbo

Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali Tanzania Bara hufundisha kwa Kiswahili. Mtoto hukaa miaka saba akieleza usanisinuru, hesabu za sehemu na mzunguko wa damu kwa lugha anayoifikiria. Januari ya kidato cha kwanza inafika, na isipokuwa vipindi vichache kama kile cha Kiswahili, masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kuna majuma ya mwanzo ya kuwaingiza kwenye lugha hiyo, ambayo ni kidogo mno kwa kazi iliyopo. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mjadala unaendelea mpaka leo. Sitaumaliza hapa. Ninachotaka kionekane ni kinachotokea mdomoni mwa mwanafunzi: anapoulizwa kazi ya ini, hulifikiria jibu kwa Kiswahili, hutafuta maneno ya Kiingereza, hupanga sarufi, huhofia matamshi, na kisha ndipo anatakiwa kufungua kinywa. Ile nafasi ndogo ya akili imejaa kabla wasiwasi haujabisha hodi.

Wataalamu wa ufundishaji wa lugha wamelijua jambo hili muda mrefu. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake, Marekani, walitunga kipimo cha wasiwasi wa darasa la lugha ya kigeni, baada ya kuona kwamba watu wenye akili timamu na maneno mengi katika lugha yao hugeuka bubu katika lugha wanayojifunza. Wale walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu katika somo moja la lugha. Wa kwetu ni watoto, na ni masomo karibu yote.

Juu ya hilo kuna adabu tuliyowalea nayo. Mtoto mwema hakatizi wakubwa, hajibu mpaka aulizwe, hamkazii macho mkubwa anaposemeshwa. Nyumbani ni malezi mazuri na siyapingi. Lakini mtoto huyo huyo darasani tunamtaka auhoji usemi wa mwalimu, amtazame usoni na atoe hoja, na hakuna aliyemwambia kwamba hapa kanuni ni nyingine. Akithubutu kunyoosha kidole mara tatu kwa kipindi, wenzake watamwita mwenye kimbelembele. Wasichana hulipata hili kwa ukali zaidi, hasa katika shule za mchanganyiko, ambako kosa la matamshi linaweza kugeuzwa jina la utani la mwaka mzima.

Basi darasa hujitengenezea kichaka. "Tumeelewa?" anauliza mwalimu. "Ndiyooo!" linajibu darasa. Mwalimu huacha sentensi bila neno la mwisho, na wanafunzi sitini hulimalizia kwa pamoja. Kila mtu amefungua kinywa, hakuna aliyezungumza. Simlaumu mwalimu mwenye darasa kubwa na mtaala mrefu, maana kujibu kwa pamoja husogeza kipindi. Ila mwanafunzi anaweza kumaliza muhula mzima kwa njia hiyo bila sauti yake kusikika peke yake hata mara moja, na siku ikisikika, itakuwa mbele ya wote.

Kisha kuna adhabu, na hapa lazima niseme wazi. Kanuni za mwaka 2002 za adhabu ya viboko Tanzania zinaruhusu kiboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu na makosa mazito, visizidi vinne, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi. Jibu lisilo sahihi la kemia halimo. Mwalimu anayechapa kwa jibu lililokosewa, au anayemsimamisha mtoto kipindi kizima kwa kuzungumza Kiswahili, anafundisha darasa zima kwamba kinga pekee ni kunyamaza. Wanafunzi wanajifunza hilo haraka, na hawalisahau.

Yanayosaidia kweli

Nianze na mwanafunzi mwenyewe. Anaweza kufanya mengi hata kama shule yake haibadiliki.

Kusoma noti kimya mara kumi hakumwandai mtu kuzungumza. Ulimi hujifunza kwa kutamka. Mwenye zamu ya kuwasilisha kazi ya kikundi, au ya kuhutubia mstarini asubuhi, aisome kwa sauti akiwa amesimama, peke yake kwanza, kisha mbele ya rafiki mmoja, kisha mbele ya watu wanne au watano bwenini au nyumbani. Ni hatua zile zile za chuoni. Asikariri hotuba nzima neno kwa neno, kwa sababu neno moja likiponyoka huondoka na yote yanayolifuata. Akariri sentensi mbili za mwanzo mpaka zitoke bila kufikiri, na sehemu iliyobaki aishike kwa maneno machache makuu kwenye kipande cha karatasi. Sababu ni kwamba wasiwasi hufika kileleni pale mtu anapoanza kusema, kisha hushuka wenyewe dakika chache zinazofuata ikiwa hakukimbia. Sentensi mbili zilizokwisha kuzoeleka humvusha pale penye mwinuko mkali.

Kwenye Kiingereza, apange hoja kwa Kiswahili kwanza. Ajiulize: ninataka kusema nini hasa? Akishapata, ageuze hoja kuwa sentensi fupi za Kiingereza anachokimudu, si kile cha kwenye kitabu. Wengi huganda kwa sababu wanajaribu kutamka sentensi ya mwandishi wa kitabu, yenye maneno ambayo wao hawajawahi kuyatumia.

Kuhusu mwili, pumzi ndiyo sehemu pekee ya mfumo huu ambayo mtu anaweza kuishika mwenyewe. Kabla ya kuitwa, avute pumzi taratibu kupitia puani, kisha aitoe polepole, kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, mara chache tu. Kutoa pumzi taratibu hupunguza kasi ya moyo. Asisubiri, hata hivyo, mpaka moyo utulie kabisa ndipo aseme. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha kwamba watu waliojiambia wana hamu na msisimko kabla ya kuhutubia walizungumza vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Moyo unaokwenda mbio kwa hofu na unaokwenda mbio kwa hamu hufanana sana, na ni rahisi kuipa hali iliyopo jina jipya kuliko kuizima.

Kisha kuna jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye ukuta wa kila darasa: wasikilizaji hawaoni hofu yako kama unavyoihisi. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walilipima mwaka 2003. Waliohutubia walidhani wasiwasi wao unaonekana waziwazi. Waliowasikiliza waliuona kwa kiasi kidogo zaidi. Halafu watafiti wakawaambia baadhi ya wazungumzaji ukweli huo kabla hawajaanza. Waliokwisha kuambiwa walizungumza vizuri zaidi, kwa maoni yao na kwa maoni ya wasikilizaji. Kujua tu kulisaidia. Magoti yanayogonga chini ya sketi au suruali ya shule yanasikika kwa mwenye magoti peke yake.

Na maneno yakipotea katikati? Arudie sentensi ya mwisho aliyoisema, taratibu. Mara nyingi hiyo huivuta inayofuata. Ikishindikana, atazame karatasi yake bila haraka. Ukimya wa sekunde tatu ambao kwake ni mrefu kama kipindi, kwa wasikilizaji ni mtu anayefikiri.

Sehemu kubwa ya dawa, hata hivyo, iko mkononi mwa mwalimu, na nyingine haigharimu chochote. Miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu ya sayansi Marekani, alirekodi vipindi vingi na kukuta kwamba walimu walisubiri wastani wa kama sekunde moja baada ya kuuliza swali kabla ya kumgeukia mwingine au kujibu wenyewe. Waliojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, "sijui" zikapungua, na wanafunzi waliokuwa wakidhaniwa ni wazito wakaanza kuchangia. Kwa mtoto anayetafsiri kichwani, hata sekunde tatu ni chache. Nadhani madarasa yetu yanahitaji zaidi ya hapo.

Kabla ya jibu la mbele ya wote, wanafunzi wajadiliane wawili wawili kwenye dawati kwa dakika moja, na kwa Kiswahili ikibidi. Anayesimama baada ya hapo analitamka jibu mara ya pili, tena likiwa limekwisha kupimwa na mwenzake. Kosa la sarufi lisikatizwe wakati mtoto anaeleza jinsi moyo unavyofanya kazi. Mwalimu anaweza kuirudia sentensi kwa usahihi baada ya mtoto kumaliza, kana kwamba anakubaliana naye. Mwanafunzi apewe mada ya kuwasilisha jana yake, siyo asubuhi hiyo. Na kicheko cha kumzomea aliyekosea kikomeshwe wiki ya kwanza ya muhula, kwa uzito ule ule unaotumika kwa wizi, kwa sababu kikishakubaliwa wiki mbili huwa desturi ya darasa.

Midahalo ya Ijumaa tunayo katika shule nyingi, na ni urithi mzuri. Tatizo ni kwamba wasemaji ni wale wale watano, wakigombea kama mwalimu ni bora kuliko mkulima, na mamia waliobaki hupiga makofi. Mdahalo wa shule nzima ufanyike mara chache, na Ijumaa nyingine ligawanywe kila darasa katika vikundi vya wanane, kila mmoja aseme dakika mbili. Kelele zitakuwa nyingi. Ila kila sauti itakuwa imesikika na watu saba, na hiyo ndiyo ngazi iliyokosekana kati ya dawati na jukwaa.

Wapo ambao haya yote hayatawatosha. Mwanafunzi anayekosa shule siku za uwasilishaji, anayeacha kula na wenzake kwa kuogopa kutazamwa, au ambaye hofu imemkaa miezi mingi katika kila mkutano wa watu, anahitaji mshauri nasaha na huduma ya afya ya akili hospitalini, ambako hali hiyo inajulikana na ina tiba. Asipewe na rafiki kidonge cha propranolol kwa kuwa eti kinatuliza moyo. Ni dawa ya daktari, na kwa mwenye pumu ni hatari. Kigugumizi nacho ni jambo jingine kabisa. Hakitokani na woga, ingawa woga hukizidisha. Watoto wetu wanaijua dua ya Nabii Musa ya kuomba fundo la ulimi lifunguliwe, na wengine huisoma kimya kabla ya mtihani. Mwalimu mwenye mwanafunzi wa kigugumizi asimmalizie maneno wala kumwambia atulie. Amtazame kama anavyowatazama wengine, asubiri, na wakubaliane mapema, wawili tu, kama atasoma, atazungumza mbele ya kikundi kidogo, au atanyoosha kidole mwenyewe siku akiwa tayari.